Mnara Usiopandwa na Mwanafunzi

Bologna nzima, hapa Italia, inajua: mwanafunzi akipanda Mnara wa Asinelli kabla ya kuhitimu, shahada aisahau. Ukibisha, unaelekezwa kwenye duka langu la mortadella, soseji nene ya nguruwe, pale barazani. "Kamwone Oreste. Alipanda, na leo anakata nyama."

Kwa hiyo mpwa wangu Ermes alipoingia amenywea kama kuku aliyenyeshewa, nilijua ni mambo ya chuo. Tasnifu yake inahusu nini? Mnara huohuo.

"Mjomba, profesa kaniuliza ndani kukoje. Nikamwambia sijapanda. Kasema nisipopanda wiki hii, hanipitishi."

"Umeandika kitabu kizima juu ya nyumba ambayo hujaingia?"

"Nimeutazama sana kwa nje."

"Hata njiwa wanautazama kwa nje."

"Usinicheke! Panda wewe, unisimulie. Wewe si ulishaharibikiwa?"

Nikaweka kisu chini. "Sikiliza, mtoto wa dada yangu Loredana. Mimi sijawahi kuupanda."

"Lakini mtaa mzima..."

"Mtaa ulitaka mfano. Baba alipofariki, duka lilitaka mtu, nikaacha chuo. Watu walipoanza kusema ni mnara, nikaona una mabega mapana kuliko ya marehemu. Nikauachia lawama, na wala haujalalamika."

Ermes akanifungua aproni kwa mikono yake mwenyewe.

"Basi twende wote."

Mlangoni mwa mnara alifumba macho, akaingiza mguu kama anayepima maji ya moto. Ngazi ikalia kwaa! Akafumbua.

"Mjomba! Ngazi za mbao!"

"Ulitaka za jibini?"

"Nimeandika za mawe! Sura nzima! Zilivyochongwa, zilivyopandishwa..."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilipopata pumzi, mwenzangu alikuwa juu huko, anapapasa kila tofali.

"Nisubiri, mwehu wewe! Nina mortadella ya miaka mingi tumboni!"

Sura ile aliiandika upya dukani kwangu, nyuma ya mizani. Mwezi uliofuata akahitimu, akavikwa taji la majani la wahitimu. Mtaani wanasema mnara umezeeka, umeishiwa makali. Loredana anaapa ni sala zake.

Mimi bado nanyooshewa kidole: Oreste alipanda, hana shahada. Sasa angalau wanasema kweli.