Mashine Haidanganyi

Baba mdogo Jairo hakusubiri hata udongo wa kaburi la baba ukauke. Alikuja na mpimaji mwenye mashine ya satelaiti, na walipoondoka, jiwe la mpaka halikuwapo tena. Kaburi, pale kwenye migomba yetu ya Masukulu, likawa upande wake. Akalizungushia miche ya parachichi. Mama yangu Atuganile akawa anaomba ruhusa kwenda kufagia kaburi la mumewe.

Tulimshtaki kwenye baraza la kata. Akaniangalia, akacheka.

"Mwanangu Bupe, mashine haidanganyi. Pimeni tena. Popote itakapoonyesha, nitakubali."

"Siku yoyote, baba mdogo?"

"Siku yoyote."

Nikameza hasira. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tukuyu, na mwaka ule jua lilikuwa limechafuka. Nguvu za sumaku ndani yake hujisokota mpaka zinatokeza juu. Nyuzi za nguvu hizo, zile zinazopingana, zikibanana, hukatika na kuungana upya kwa njia nyingine, na nguvu yote iliyobanwa hufyatuka kama manati. Ikielekea kwetu, huvuruga anga ya juu ambamo ishara za satelaiti hupita, na mashine hupotea njia. Mashamba yetu ni vipande vidogo. Kosa dogo tu linatosha kumharibia mtu siku.

Nikawa nasoma taarifa za jua kila jioni. Nilimchukia yule mzee, na chuki ilinipa subira.

Mwezi Mei maonyo yakatoka: jua limefyatuka, dhoruba kubwa iko njiani. Nikamfuata mwenyekiti wa baraza, mzee Hosea, nikaomba tupime Jumamosi. Sikujua mashine itatupeleka wapi. Niliomba tu isirudi palepale.

Jumamosi, mbele ya baraza, mpimaji akaifuata alama ya mpaka aliyoihifadhi kwenye mashine mara ya kwanza. Akapita kaburi, akapita miparachichi, akaingia uani kwa Jairo na kusimama katikati ya banda la ng'ombe, jasho likimtoka.

"Inasema ni hapa."

"Basi nusu ya banda ni yetu," nikasema. "Mama, fungua kamba ya ng'ombe."

"Inadanganya!" Jairo akapiga kelele. "Banda nimejenga mwenyewe! Mpaka uko kule nilikong'oa jiwe, kila mtu anajua!"

Hata ng'ombe aliacha kutafuna. Mzee Hosea akauliza taratibu, "Uling'oa nini, Jairo?"

Baraza likaturudishia shamba papo hapo. Wengine wakasema yaishe, ni ndugu. Mimi nikakataa. Nikataka miche ile aing'oe yeye, leo, kwa mikono yake, mama akitazama.

Jairo akapiga magoti kaburini, akaanza kuchimbua. Kucha zikajaa udongo wa kaka yake. Mama akafungua mdomo kumwambia inatosha. Nikamshika mkono.

"Bado ule mche wa kichwani, baba mdogo."