Maua ya Dada kwenye Dashibodi

...na sasa imeanza kuvimba, afadhali, maana nilishaanza kufikiri rangi hii ina roho ngumu kama aliyeipaka, dada yangu, marehemu, Mungu amrehemu na amweke mbali na mimi, ua la manjano juu ya redio, ua la manjano mlangoni, majani yametambaa kutoka dirisha hadi dirisha, gari la mtu mzima limegeuzwa ukuta wa chekechea, nani alimtuma... fundi rangi amesema thina usiiguse, thina inakula plastiki, paka spiriti, funika na mfuko wa nailoni, subiri, kisha sugua kwa mswaki laini, nami nasugua, petali ya kwanza imekunjamana, imetoka nzima kama utando wa maziwa, kwaheri dada... "Polepole," anasema mume wake, yaani mume wangu, ameketi kiti cha dereva, mikono kwenye usukani na gari halijawashwa, "polepole, shemeji," mwezi wa nne tangu tufunge ndoa na bado mimi ni shemeji, mbele ya wageni shemeji, mezani shemeji, kitandani gizani shemeji sogea kidogo... mama ndiye aliyesema mtoto wa marehemu asilelewe na mtu baki, wewe ni damu yake, nenda, nami nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini, kwa sababu nilimtaka huyu mwanamume tangu siku aliyokuja kwetu kumposa dada, ndiyo, simung'unyi maneno, nilimtaka, na juzi nimemwambia sipandi tena gari lenye mikono ya mtu mwingine, ama yatoke maua ama nitoke mimi, akasema "Haya"... "Huo mswaki umeutoa wapi?" ameuona, "Bafuni," "Bafuni wapi?" "Kwenye glasi," ndiyo, wa dada, ule wa zambarau, ulikuwa unasimama karibu na wangu kila asubuhi kama mke mwenza, nikasema basi ufanye kazi, ajifute kwa mswaki wake mwenyewe, na sasa nangoja anitukane, aninyang'anye, apige kelele, lolote, mwanamume anayegombana na mkewe angalau anaye mke... "Haya," anasema tu, anageuzia uso dirishani, hata hasira hanipi... nasugua, jani, jani, ua, kitambaa manjano, kucha manjano, spiriti inanichoma nilipojikwaruza, na plastiki inatoka safi, tazama, hakuna hata doa, nafuta kwa maji ya sabuni, nakausha, nainamisha kichwa niiangalie vizuri kwenye mwanga... hapana, hapana jamani... jua limeipausha dashibodi miaka yote hii, imekuwa ya kijivu, ila pale alipopaka dada, pale rangi ilipoikinga, plastiki ni nyeusi, mpya kama jana, ua lilelile, majani yaleyale, nimemtoa wa manjano nikamfunua mweusi, na huyu hana spiriti ya kumtoa... nacheka, sina la kufanya, nacheka, "Nini?" anauliza, anainama, anaona, na uso wake, Mungu wangu, uso wake unafunguka, miezi yote hii nyumbani kwake sijawahi kuuona uso huo, ananyoosha kidole, anafuatisha ua, ukingo kwa ukingo, taratibu, kumbe vidole hivi vinajua kugusa, nami nilidhani ni mtu wa mikono mizito tu ndivyo alivyoumbwa, nilidhani nashindana na dada, kumbe dada kalala zake, hana habari na mimi, aliyenifungia mlango ni huyu hapa, yuko hai, anapumua karibu na sikio langu... "Umeona, shemeji," anasema, "amebaki," naam, amebaki, nachovya kitambaa, nahamia ua la mlangoni, na sasa nasugua kwa uangalifu, nisiharibu ukingo wa hata jani moja, abaki naye, amtazame kila asubuhi akienda kazini, amtazame mpaka macho yamuume, maana huyu mwanamume mimi simtaki tena.