Fundi Gani Ana Kidole Kidogo Hivi

...na huyu mtoto kashatia kidole ndani ya alama ya kidole iliyobaki kwenye tofali kabla sijamwambia ukuta wa watu hauguswi, kimeingia chote, anacheka, "Mama, ona, kinanitosha!" na mama yake, mgeni kutoka Ohio, anapiga picha, jua la saa nne la Charleston linatuchoma sote, wao kumi na wawili na mimi, Vernelle, mtembeza wageni bure, ukifurahi unatupia chochote kofiani, nimeshafungua mdomo niseme yale yale ya miaka kumi na mmoja, kwamba fundi aliacha alama kwa kujivunia kazi yake... "Fundi gani ana kidole kidogo hivi?" mtoto anauliza, "Hebu muache dada wa watu aseme, Josie," niseme nini, bosi alishanionya, wageni wamekuja kustarehe, Nel, usituletee matanga, nami nikaitikia, hata siku ile mama yangu alipotoka sokoni na vikapu vyake vya nyasi akajiunga na msafara wangu, nyuma kabisa, kimya, akanisikia nikisema fundi, akasikia watu wakicheka, yeye aliyenileta hapa nikiwa na miaka saba, akaniambia, "Wasalimie, Nel, walikuwa watoto kama wewe, watumwa, wakigeuza matofali mabichi juani," nami nikauamkia ukuta, shikamooni, kweli niliuamkia... jioni ya siku ile ya msafara nikampigia simu, akasema amechoka tu, tutaongea Jumapili, Jumapili ikafika hakuamka, na tangu hapo kila nikisema fundi namsikia nyuma ya wageni akipumua, kama sasa, nikitazama ni njia tupu na harufu ya kamba wa kukaanga... nilidhani anataka nimwombe radhi, nimeomba hadi kanisani, nisamehe mama, wala haondoki, kumbe hakuja kuombwa radhi, alikuja kama walivyokuja hawa, kusikiliza, mama yangu alikuja kusikiliza, na bado hajasikia... "Dada, u mzima?" mama wa Ohio ananigusa bega, mzima, kidole cha Josie kingali tofalini, "Una miaka mingapi, mwanangu?" "Saba na nusu," na mwenye alama hii alikuwa kama wewe, nasema, hakuwa fundi, alikuwa mtoto, na alikuwa mali ya mtu, bwana mmoja pale mbele keshanuna, anamvuta mkewe waondoke, waende.