Waya Mwembamba wa Bi Koleo

Jina la Bi Koleo alipewa na kinyozi wa chumba cha pili, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona mkono wake wa kulia ukiwa mtupu. Akinywa chai, koleo limebanwa na vidole viwili vya mwisho. Akiwashwa mgongo, hujikuna kwa koleo. Lilikuwa dogo, la mdomo mrefu, mpini wake umeviringishwa kitambaa cha gauni lililochakaa. Kwa koleo hilo alikuwa amefufua pasi, majiko ya umeme na mashine za kukausha nywele za mtaa mzima. Zilipoingia sigara za umeme, hizi za kuvuta mvuke, yeye ndiye akawa anazifungia koili. Koili ni kijizungusho cha waya kinachokaa tumboni mwa sigara yenyewe. Hicho ndicho hupata moto, kikachemsha majimaji yaliyolowa kwenye pamba, mtu akavuta.

Nyaya zake zilining'inia ukutani kwenye misumari, zimepangwa kwa unene, kuanzia ule ulio mnene kama njiti ya kiberiti hadi ule mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Vijana wakija walinyoosha kidole kwenye mnene. "Nifungie huo, nataka wingu!" Naye hupima mashine kiganjani, akaguna.

"Mashine yako ya nguvu ndogo, baba. Betri hii ni msukuma mkokoteni aliyekonda. Ukimpakia gogo atasukuma mpaka jasho limkauke, na gogo halijasogea. Mpe fito, uone atakavyokimbia."

Kisha hushusha waya mwembamba.

Mchana mmoja mdogo wake alikuja. Kwao walimwita Kipusa tangu utotoni, kwa sababu ya uzuri, na jina lilimganda mpaka utu uzima. Alisimama mlangoni ameukumbatia mkoba wake kifuani kama mtu aliyeingia choo cha stendi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Bi Koleo hakuinua uso. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umepotea njia."

Huko kwa jirani mashine ya kunyolea ilizimwa ghafla. Kichwa cha mteja kilikuwa nusu tu, lakini masikio ya kinyozi yalikuwa yamepata kazi nyingine.

Kipusa akaketi bila kukaribishwa. Alieleza kwamba mume wake, dereva wa lori, ameambiwa na daktari aache sigara kabla sigara haijamwacha yeye. Amenunua kile kimashine kidogo cha mvuke, lakini koili za dukani zinamuunguza koo, na kila anayemuuliza humwambia aende kwa Bi Koleo. Yeye mwenyewe anaona haya kuja.

"Ni kifua, dada," alimalizia. "Kifua kinamsumbua sana."

Koleo likasimama hewani.

Kifua! Katika maneno yote ya dunia, Kipusa amelichagua hilo, na amelisema bila kope kucheza.

Zamani dereva huyu alikuja kumposa Bi Koleo, si Kipusa. Posa ilipokelewa, shangazi wa dereva akaletwa kumwona binti, na Kipusa ndiye aliyebeba sinia la chai. Shangazi alipomfuata jikoni, Kipusa, akimimina kikombe cha pili, alimnong'oneza: "Dada ni mtu mwema, ila kifua chake. Moshi wa risasi ya kuchomelea umemla. Asubuhi hutema damu." Shangazi hakuimaliza ile chai. Posa ikarudi ilikotoka bila maelezo, hata dereva mwenyewe hakuambiwa sababu, na kabla mwaka haujageuka ikaja tena nyumba ile ile, safari hii kwa jina la Kipusa.

Bi Koleo hakujua amekosa nini. Alijitazama kwenye kioo, akavilaumu vidole vyake vyenye makovu ya moto, akaulaumu urefu wake, akalaumu hata namna alivyocheka siku ile. Miaka mingi alilaumu. Kisha kwenye msiba wa jamaa, shangazi yule, sasa ajuza asiyeona vizuri, alimshika mkono akamuuliza, "Mwanangu, kile kifua kilipona?"

"Kifua gani, shangazi?"

Ajuza akasimulia, asijue kwamba anafukua kaburi. Bi Koleo alimsikiliza mpaka mwisho, akamletea maji ya kunywa, akarudi nyumbani. Hakumwambia mtu. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu: Kipusa autamke uongo ule kwa kinywa chake, mchana kweupe, mbele ya mume wake. Kuomba radhi ni mambo ya watu wenye haraka. Yeye alitaka utamkwe. Na kwa hilo alikuwa tayari kungoja mpaka jiwe liive.

"Mwambie aje," alisema sasa, koleo likianza kazi tena. "Kifua hakitumi mtu. Kije chenyewe."

Dereva alikuja. Alikuwa mtu wa miraba minne siku zile. Sasa shati lilimning'inia kama limeanikwa. Alikohoa mlangoni, akakohoa kwenye kigoda, akataka kusalimu akakohoa tena. Bi Koleo alikipokea kimashine chake, kidude kidogo cha kuficha kiganjani, akapitisha vidole kwenye nyaya zote kana kwamba hajui ataishia wapi. Alijua. Akaukata ule mwembamba, akauzungusha kwenye sindano ya kufumia, mzunguko kando ya mzunguko bila kupandana, akaichomoa sindano, akabana miguu ya waya kwa skrubu, akabonyeza kitufe. Koili ikawaka nyekundu kuanzia katikati kwenda nje, pande zote sawasawa. Hapo ndipo alipopitisha pamba, si ya kubana wala ya kulegea.

Kazi hiyo angeweza kuimaliza kabla kinyozi hajakung'uta taulo. Siku ile aliifanya polepole. Alitaka dereva akae pale, amtazame mwanamke anayedaiwa kuoza kifua akipuliza vumbi kwenye skrubu kwa pumzi moja ndefu.

Dereva akavuta. Akangoja kikohozi. Hakikuja.

"Subhana! Leo nimepumua."

"Usifurahi sana. Hii siyo dawa, ni ngazi ya kushukia. Shuka, usijenge nyumba juu yake."

Pamba huungua, nayo koili huchoka. Kwa hiyo dereva alirudi, akarudi tena, na kila akirudi shati limepigwa pasi zaidi. Kinyozi hakuweza kujizuia. "Shemeji, pamba inaungua haraka hivyo, au wewe ndiye unayeichoma?" Dereva alicheka mpaka akashika mbavu. Bi Koleo hakucheka, lakini alimwongezea chai. Alijua chai ile itafika nyumbani kwa Kipusa kabla ya mnywaji.

Na ilifika. Kipusa aliyekuwa akipiga mashati yale pasi si mjinga wa kila kitu. Akaona heri afunge koili mwenyewe kuliko kumpigia mumewe pasi ya kwenda kwa mwanamke mwingine, hata kama mwanamke huyo ni dada yake. Akaifungua ile ya zamani akaitazama ilivyozungushwa, akaenda duka la vifaa vya ujenzi, akaomba waya unaong'aa.

Walikuja pamoja alasiri, wakati benchi la kinyozi limejaa. Kipusa alitangulia, kidevu juu.

"Dada, tumekuja kukuaga. Kuanzia leo hatukusumbui tena. Nimefunga mwenyewe." Akamgeukia mumewe. "Sijaruhusu aijaribu. Nimesema lazima fundi mkuu ashuhudie."

"Hongera," alisema Bi Koleo. "Lete nione."

Kipusa akafungua kifuniko kwa madaha. Bi Koleo akainama. Mizunguko ilikuwa minene, imelaliana kama nguo chafu, lakini si hayo yaliyomshtua. Ule weupe mzito, mkavu, aliutambua hata bila miwani. Ulikuwa waya wa kufungia uzio, ule unaopakwa zinki usishike kutu. Ukipata moto, zinki hutoa moshi. Mtu akiuvuta hushikwa homa na kifua kikabana. Na kifua kinachongoja moshi huo kilikuwa kile pale, chini ya shati lililopigwa pasi.

Angenyamaza tu. Si yeye aliyenunua, si yeye aliyefunga. Angesema "hongera" mara ya pili akaendelea na pasi yake. Wazo hilo lilimpitia lote, kuanzia kichwani hadi kwenye nyayo, naye aliliacha lipite taratibu kama mtu anayeonja tui.

Dereva akainua mashine mdomoni.

Koleo likambana mkono wa shati. "Weka chini."

"Wivu huo!" Kipusa akacheka kuelekea benchi la kinyozi. "Si mnaona?"

Bi Koleo aliing'oa ile koili, akaishika kwa ncha ya koleo, akawaambia watu wasimame upande wake ili upepo upeleke moshi kule, akawasha tochi ya gesi. Waya ukaiva. Ukatoka moshi mweupe, na juu ya chuma yakabaki maganda kama ya chokaa. Mteja mwenye sabuni kidevuni alirudi nyuma mpaka akaangusha kigoda.

"Huu ni waya wa uzio," alisema Bi Koleo. "Moshi huu ndio uliokuwa unakwenda kwenye kifua chako."

Dereva alimgeukia mkewe.

"Ulisema nisionje mpaka tufike hapa," alisema. "Ulitaka watu waone nikianguka?"

"Mungu wangu! Mimi? Mume wangu, sikujua! Niliomba unaong'aa tu!"

"Tangu nianze kuja hapa hulali, Kipusa. Na bima yangu ya maisha unaiuliza kila siku."

"Sikujua! Dada, mwambie. Wewe unazijua nyaya, mwambie kwamba mtu anaweza asijue!"

Macho yote yakahamia kwa Bi Koleo, hata ya yule mwenye sabuni. Naye alijua ukweli. Asiyefundishwa huona waya na waya ni ndugu. Koili ile ilikuwa imefungwa na mtu mwenye wivu, si na muuaji. Neno moja lake lingemwosha mdogo wake. Neno moja tu, kama lile neno moja la jikoni.

Akazima tochi. Akalikung'uta koleo. Akaliweka mezani, na kinyozi aliapa baadaye kwamba hajawahi kuona jambo lile.

"Yule shangazi alinishika mkono msibani," alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Akaniuliza kama kifua changu kilipona."

Kipusa akalitupia jicho benchi la kinyozi.

"Dada, si hapa."

"Pale jikoni hukusema si hapa."

"Watu wananitazama!"

"Na mimi walinitazama. Kila nilipopita walinitazama, na sikujua kwa nini. Wewe bahati yako unajua."

"Kifua gani?" aliuliza dereva. "Mnasema nini nyie?"

Bi Koleo akakunja mikono. Hakuwa na haraka. Alikuwa na kazi ya kutosha, na gesi ilikuwa imezimwa.

Kipusa alilia kwanza, hakuna aliyemnyamazisha. Akasema kwa kunong'ona, Bi Koleo akasema, "Sauti." Akasema tena: siku ya sinia la chai, alimwambia shangazi kwamba dada yake anatema damu, na dada yake hakuwahi kutema damu maishani. Alisema kwa sababu alimtaka yeye dereva, tangu siku aliyoegesha lori mbele ya nyumba yao.

"Sasa nitasema langu," alisema Bi Koleo. "Hakujua. Waya ule angeweza kuununua mtu yeyote asiyefundishwa. Hakutaka kukuua. Mke wako ni mwongo, lakini muuaji siye."

Dereva akashusha pumzi, kisha akamgeukia yeye, macho yamelowa. "Na wewe, kwa nini miaka yote hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa na lori zima, na nyumba unaijua." Akakata waya mwembamba, akamfungia koili mpya, safari hii kwa kasi yake ya kweli, kabla dereva hajapata hata nafasi ya kuketi. "Chukua. Ni ya mwisho kutoka mkononi mwangu. Kesho mkeo atakuja kujifunza. Atakaa hapo nje, kwenye kigoda hicho, panapopita watu."

"Mbele ya watu wote hawa?" Kipusa alinong'ona.

"Kifua ni cha mumeo. Ukipenda, usije."

Alikuja. Aliketi nje amejifunika ushungi mpaka kwenye nyusi, na mtaa wote ukapata sababu ya kupita njia ile. Mkono wake ulikwenda kwanza kwenye waya mnene, Bi Koleo akaugonga kwa koleo. "Mashine yake ni ndogo. Mwembamba." Moshi wa risasi kutoka mezani ulimwendea usoni, akakohoa.

"Pole," alisema Bi Koleo. "Kifua hicho?"

Kinyozi alilazimika kuingia ndani akachekee huko.

Mwishowe Kipusa aliichomoa sindano, akanyoosha kiganja. Bi Koleo alivaa miwani, akaigeuza ile koili kwenye mwanga. Mizunguko ilikaa kando kwa kando, miguu imenyooka, haina kasoro. Kwa mtu wa siku ya kwanza ilikuwa kazi nzuri kuliko aliyoifanya yeye mwenyewe alipoanza.

"Fungua," alisema, akamrudishia. "Anza tena."