Sahihi za Jumapili

Mimi Generosa ni mtu wa msimamo, waulize kazini kwangu. Natunza wazee kwenye nyumba moja huku ughaibuni, mtaa wa Walthamstow, na pale hunipati kutia sahihi kidonge ambacho sijakiona kikimezwa. Bibi anaweza kukificha chini ya ulimi akanichekea. Nitasimama palepale mpaka kishuke.

Sasa sikia nilivyokuwa nyumbani. Binti yangu Angel, miaka sita, hupewa kitabu shuleni kila siku, pamoja na daftari. Mzazi anatakiwa amsikilize mtoto akisoma dakika kumi, kisha atie sahihi. Mimi nilikuwa nazitia zote tano Jumapili jioni, kwa mkupuo, na maneno juu yake: "Amesoma vizuri sana." Kitabu chenyewe nilikitumia kumtishia. Akichezea maji bafuni namwambia, "Endelea tu, utakaa chini usome."

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi wa tatu mwalimu wake, Miss Daisy, akaniita. Akafungua lile daftari, akaniambia taratibu kwamba Angel hasomi, anakisia tu kwa kutazama picha. Kipindi cha kusoma kikifika, anasema tumbo linamuuma.

"Juzi aliniambia yeye ni mjinga," mwalimu akasema.

Sikuwa na pa kuuweka uso. Angenigombeza ningejibu, maana kwa kujibu sijambo, lakini hakunigombeza. Mtoto wangu mwenye mdomo kama chiriku, ajiite mjinga kwa uvivu wangu? Nililia kwenye basi, sikujali nani ananitazama. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaapa: mtoto huyu atasoma, na atapenda kusoma.

Jioni ile tulipomaliza kula nikafungia simu kabatini, nikamwita kwenye kochi na kitabu chake. Angel ananielewa Kiswahili, ila hujibu kwa Kiingereza. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, nimekosa nini?"

Swali lile lilinichoma.

"Hujakosa kitu. Aliyekosa ni mimi," nikamwambia. "Leo nasoma mimi, wewe kaa ule karanga."

Nikasoma habari za mbuzi aliyetoroka, nikamliza yule mbuzi kama wa kwa bibi yangu Bukoba. Angel akacheka. Kesho yake nikawa namwachia neno mojamoja amalizie. Siku ya tatu akagoma, akakisukumia kitabu chini ya kochi. Nikakiokota, nikaendelea peke yangu kwa sauti. Nani alimwambia mimi nachoka? Mwalimu nilimweleza ukweli wote, na daftari nikaliacha tupu mpaka nisikie kwa masikio yangu.

Wiki zikapita hivyo, leo maneno manne, kesho mawili. Alhamisi moja nimetoka zamu, hoi, tumeanza kitabu kipya cha mbweha aliyekwama ndani ya treni. Ukurasa wa tatu nikasinzia.

Niliposhtuka, kitabu sinacho. Angel alikuwa nacho kwenye zulia, kidole kwenye mstari, anasoma kwa sauti ya chini, anakosea, anarudi nyuma, anasonga.

"Samahani mwanangu, nimepitiwa na usingizi," nikasema. "Lete tuendelee."

Akaninyooshea kiganja, macho hayakutoka kitabuni.

"Subiri, Mama," akasema. "Nataka kujua kama ametoka."

Nikalivuta daftari, nikatafuta kalamu.