Mistari Isiyo na Namba

Mzee Mwinjuma ndiye aliyeandika programu ya mizani ya miwa hapa kiwandani, kila mstari na namba yake: kumi, ishirini, thelathini. Namba za katikati aliziacha kwa marekebisho. Biashara huria ilipoleta miwa ya wakulima wa nje ya shamba la kiwanda, akataka kuongeza mistari. Namba za katikati zimeshajaa!

"Mzee, kompyuta mpya haidai namba," nikamwambia.

"Winfrida, usiniharibie kazi yangu."

Mkaidi kweli! Sikufuta hata herufi. Chini ya mistari yake niliongeza sehemu isiyo na namba, nikaiita WAKULIMA. Sehemu zote mbili, yake na yangu, zikafanya kazi pamoja. Akaguna tu, akageukia dirishani kuitazama milima ya Uluguru.

Asubuhi nikakuta ameongeza sehemu yake, haina namba hata moja. Ameiita WINFRIDA.