Hodi Ukutani

Mwanamkuu, mtumishi wa nyumba, alikuwa akigeuza mito ya majlisi, sebule ya wageni, wakati Proscovia alipotokea ukutani. Ulitangulia mkoba wa chakula, ukafuata mkono, kisha bega na kitambulisho cha hoteli kilichoning'inia shingoni.

"Hodi."

"Karibu, shoga. Pita upande huu, huko nimeweka chetezo."

Proscovia alivua viatu, akakatiza zulia, akatokea mlango wa bustanini kuwahi basi. Nyuma yake walikuja mafundi bomba wawili ambao katika Kiswahili chote walijua neno moja tu, hodi, nao wakalisema. Mwanamkuu akawajibu. Kisha akachukua ufagio wa mkono akazoa vumbi la saruji walilodondosha.

Mahali pale palikuwa kichochoro. Kabla Abu Jasim, mwenye nyumba, hajaongeza majlisi, watu wa nyuma ya mtaa huo wa Al Wakrah walipita hapo kwenda kituoni. Njia nyingine ni kuzunguka kando ya barabara kuu, na anayezunguka huko halikuti basi. Ardhi ni ya umma. Mahakama ilikwisha kusema hivyo, ikaamuru ukuta uvunjwe. Abu Jasim aliisikiliza amri kwa heshima, akarudi nyumbani, akaupaka ukuta rangi ya maziwa. Wiki hiyohiyo watu wakaanza kupita ndani yake. Njia haikuwa imeambiwa kwamba imefungwa.

Abu Jasim hakuchukia. Alikuwa mtu mpole. Wakimkuta amekaa, huwapa tende. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba ukuta ulikuwa bado umesimama, na sasa ameitwa kujibu shtaka la kuidharau mahakama.

"Akikutwa na hatia, ukuta unalala chini na yeye analala ndani," alisema Nassoro, dereva wa nyumba, Muunguja, akinywa chai jikoni. "Na wewe ndiye shahidi, bi Mwanamkuu. Mlinda majlisi ni nani kama si wewe?"

"Mie nitasema nini huko?"

"Sema ulichokiona. Ukitia chumvi utarudi Tanga na kandambili zako."

Mwanamkuu hakucheka. Proscovia alikwisha kuonywa hotelini kwa mara ya mwisho: akilikosa basi tena, anarudishwa Uganda. Ukuta ukianguka, atapita kama watu wanavyopita njiani.

Siku ya ukaguzi alikuja afisa wa mahakama na utepe wa kupimia. Alikuwa ameubana ukutani kwa kidole gumba wakati Omondi, mlinzi wa zamu ya usiku kwenye majumba ya The Pearl, alipotokea papo hapo akirudi kulala.

"Hodi wenyewe! Mzee, inua hiyo kamba kidogo, nisijikwae."

"Karibu," alisema Mwanamkuu.

"Hii ukuta leo ni baridi, dada. Mmeimwagia maji ama?"

Afisa aliinua utepe, akamngoja apite, akaushusha, akaendelea kupima. Ukuta ulikuwa na urefu uleule uliotajwa katika amri.

Mahakamani Mwanamkuu alivaa baibui lake jipya, akaapa. Wakili wa Abu Jasim alikuwa kijana mwenye sauti ya taratibu. Mkalimani alikuwa mtu wa Mombasa.

"Hao watu wanapotokea ukutani, husema nini?"

"Husema hodi."

"Nawe husemaje?"

"Karibu."

Mkalimani alifikiri kidogo, kisha akayageuza kwa Kiarabu. Kiarabu cha Mwanamkuu kilikuwa cha jikoni, lakini kulikuwa na neno moja alilolisikia likipita, nalo lilikuwa ruhusa.

"Si ruhusa," alisema kabla hajaulizwa. "Ni adabu tu. Kwetu hata mlango ukiwa wazi, mtu hubisha hodi."

"Mlango wa nani?" aliuliza wakili.

"Wa mwenye nyumba."

"Na barabarani? Watu wa kwenu wakipita barabarani hubisha hodi?"

Mwanamkuu alitazama mikono yake. Alikuwa ameapa.

"Barabarani hapana."

Wakili alimshukuru, akakaa. Hakimu naye hakuchukua muda. Wanaoomba kuingia na kukaribishwa ni wageni, alisema, na mgeni hana njia aliyozibiwa. Dharau haikuonekana. Ukuta ubaki.

Jioni Omondi alipokuwa akienda kazini, alisimama katikati ya zulia kofia ikiwa mkononi.

"Si ungenyamaza tu, dada?"

"Mtu aniambie hodi, nimnyamazie? Mimi nimelelewa."

"Hata mimi." Aliizungusha kofia. "Na hao mafundi, nani aliwafunza kusema hodi? Ni mimi. Nikaona ni heshima, wasiingie kwa watu kama kuku."

Tangu siku hiyo ukuta uliifuata hukumu. Aliyepita kimya aligonga paji la uso akarudi. Aliyebisha hodi alifika nusu, akangoja humo hadi aitikiwe, na karibu ya Mwanamkuu ndiyo iliyomtoa. Nassoro alijaribu siku moja kuitikia kwa sauti nyembamba kama ya Mwanamkuu, ukuta haukumsikiliza. Watu walizoea. Mwanamkuu akaacha kwenda sokoni siku za kazi.

Kisha Abu Jasim akamwita, akasema naye kwa upole kama kawaida. Watu hao ni wageni wake na hatawakataza. Ila akiwa na wageni wengine, Mwanamkuu asiitikie. Haipendezi kupokea wageni juu ya wageni.

"Na basi lao, Baba?"

"Basi si langu," alisema Abu Jasim.

Wageni walikuja alasiri ya Alhamisi. Mwanamkuu alikuwa akimimina gahawa aliposikia.

"Hodi."

Mkono wa Proscovia ulikwisha kutokeza hadi kiwikoni, kiganja juu. Mwanamkuu alimtazama Abu Jasim. Abu Jasim akatikisa kichwa, polepole.

"Hodi jamani. Mwanamkuu, uko? Basi linakuja."

Wageni walikuwa wakizungumzia ngamia mmoja aliyekataa kunywa. Mzee aliyekaa karibu na ukuta alimaliza gahawa yake, akatikisa kikombe kuonyesha kwamba ametosheka, akatafuta pa kukiweka. Akakiweka katika kiganja cha Proscovia. Vidole, vilivyozoea kazi, vikakishika.

"Nyabo, dada, hodi."

Neno lilikuwa limemjaa Mwanamkuu kinywani. Alilibana kwa meno, akammiminia mgeni mwingine. Nje basi la hoteli lilipiga honi. Likapiga tena. Mlango wake ukajifunga kwa mlio wa upepo, injini ikanguruma ikielekea mjini.

Wageni waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja na dua zake. Abu Jasim aliwasindikiza hadi kwenye magari.

"Karibu," alisema Mwanamkuu.

Proscovia alitoka na chokaa kwenye nywele. Kikombe hakikuvunjika.

"Limeenda?"

"Limeenda. Nisamehe, mwenzangu."

"Uliniskia?"

"Nilikusikia."

Proscovia aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa. Alikipeleka kikombe jikoni, akakiosha mwenyewe, akakifuta, akakaa sakafuni, simu mapajani, kungoja hoteli ipige. Ilipolia, Mwanamkuu alizima jiko ili mwenzake asikie vizuri.